Mlingoti Juu ya Paa la Madrasa



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu, juma hili tumeazimia kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona si la kalamu ya sheikh: intaneti ya mji, na jinsi watu wa mji mdogo wanavyoweza kuijenga na kuimiliki wao wenyewe. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wetu wamewasilisha ombi mbele ya kamati ya msikiti. Wanataka kusimamisha mlingoti juu ya paa la madrasa, na Ijumaa ijayo, baada ya sala ya Isha, wazee watakaa kulikata shauri. Ya pili ni deni. Sisi wenyewe tuliwahi kulishika jambo hili kwa mikono yetu, likatuharibikia. Wahenga wamesema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nasi tumeshtuka kwa muda wa miaka minne. Leo tumeona kwamba kushtuka peke yake si hekima.

Lililotuzindua ni hili. Mwezi uliopita, baada ya Maghrib, mzee mmoja mvuvi alitujia barazani akiwa na binti yake. Binti huyo alipata alama nzuri katika mtihani wa kidato cha nne, akawa anarekebisha machaguo yake ya chuo katika usiku wa mwisho wa maombi. Alipofika kwenye ukurasa wa malipo, bando likakatika. Maduka yalikuwa yamefungwa, simu ya baba haikuwa na salio, na saiba iliyo karibu iko mji wa pili. Kulipopambazuka, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Walikuja kutuuliza kama kuna mlango mwingine wa kubisha. Hatukuwa na jibu ila maneno ya subira. Mzee akatuambia, "Bahari naijua, sheikh. Hii mimi siijui." Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko lau angalilalamika.

Tuitazame basi hiyo asiyoijua, kwa kuwa imepita katika bahari ile ile anayoijua. Mwaka 2009 nyaya mbili kubwa za mawasiliano zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, TEAMS na SEACOM, na mwaka uliofuata ukafika wa EASSy. Waya wa TEAMS unatoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Yaani umeifuata njia ya majahazi ya babu zetu waliokuja na kaskazi wakarudi na kusi. Intaneti ya sehemu kubwa ya Kenya, na ya majirani zetu wa bara, inaingilia pwani hii. Na pamoja na hayo, mtoto wa pwani hupanda juu ya msingi wa tangi la maji ili anase mtandao. Hali yetu ni ya mtu akaaye kando ya mto na mtungi wake mkavu.

Sababu yake si siri. Kampuni hupeleka waya na minara mahali penye wanunuzi wengi na wenye fedha. Mji wenye nyumba chache, kazi za msimu na barabara mbovu huja mwisho wa orodha, au hauji kabisa. Hatusemi hivi kwa kulaumu, kwani mfanyabiashara hutafuta faida. Lakini ikiwa haja ni ya wote na muuzaji haoni faida, watu wa kale walikuwa na njia yao: walichimba kisima wao wenyewe.

Na mtandao wa jamii, tukiuondoa majina yake ya kigeni, ni kisima. Mji hununua kwa jumla kiungo kimoja kikubwa cha intaneti kutoka kwa muuzaji. Kiungo hicho hufika kwenye jengo moja refu, kisha husambazwa kwa antena ndogo kutoka paa hadi paa, kila antena ikitazamana na mwenziwe. Masharti yake ni kama ya taa za jahazi usiku: wasioonana hawapeani ishara. Kwa hiyo adui wa kwanza katika miji yetu ni mnazi, maana makuti yaliyolowa mvua huzuia mawimbi hayo. Wa pili ni chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hula skrubu na viungio vya chuma visivyotunzwa. Wa tatu ni radi, na wa nne ni umeme unaokatika. Ndiyo sababu mlingoti hutaka urefu, waya wa kushusha radi ardhini, betri na paneli ya sola. Hakuna uchawi ndani yake. Kijana aliyejua kufunga sahani ya televisheni anaweza kufunzwa.

Tumeuliza na kusoma tupate kujua ni nani waliotangulia, tukaona waliotangulia ni wengi, nao si matajiri wote.

Huko Catalonia, nchini Hispania, katika wilaya ya Osona iliyo kaskazini ya Barcelona, wakaazi wa vijiji na mashamba walichoka kungoja kampuni. Mwaka 2004, mtu mmoja wa huko, Ramon Roca, na majirani zake wakaanza kuunganisha nyumba kwa antena, wakauita mtandao wao guifi.net. Baadaye wakaunda taasisi ya kuusimamia, wakaongeza nyaya za faiba zilizopitishwa mashambani, na leo mtandao huo una vituo zaidi ya 30,000. Linalotushangaza zaidi ya idadi ni sharti lao. Kila mmoja ni mmiliki wa chombo kilicho juu ya paa lake, lakini akishajiunga hana ruhusa ya kumzuilia jirani njia. Nao wanaoufanyia mtandao huo biashara hugawana gharama za kuutunza kwa kadiri wanavyoutumia. Hawakumkataza mtu kupata riziki. Walimkataza kuziba njia.

Mfano wa pili uko karibu na hali yetu zaidi. Katika eneo la Mankosi, jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, watu hawakuwa na umeme majumbani, na gharama za simu zilikuwa zikila kipato chao kidogo. Mwaka 2012, wakisaidiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, walianza kujenga mtandao wao chini ya usimamizi wa wazee wa eneo hilo, wakauita Zenzeleni. Ni neno la Kixhosa, maana yake jifanyieni wenyewe. Vituo vyao viliwekwa kwenye nyumba za watu, vikaendeshwa kwa nguvu ya jua. Na kwa kuwa sola ile ilikuwa na nguvu za ziada, waliwachajia watu simu kwa malipo madogo, mfuko ukapata kitu tangu siku za mwanzo. Mwaka 2014 wakasajili chama cha ushirika, wakaomba na kupata idhini ya mamlaka ya nchi yao. Tazameni mpangilio wa mambo: kwanza baraza la wazee, kisha haja inayolipa, kisha sheria. Sisi tulianza na chombo.

Wa tatu ni wa wakulima wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, walioanzisha jumuiya yao iitwayo B4RN mwaka 2011. Wao walichimba mitaro ya faiba kwa majembe na matrekta yao. Wenye mashamba walitoa njia bila kudai malipo, na jasho la mchimbaji liliweza kuhesabiwa kuwa hisa yake katika jumuiya. Watu wa mashambani wakapata kasi ya jigabiti moja kwa sekunde kwa pauni 30 kwa mwezi, kasi ambayo wakati huo wakaazi wengi wa miji mikubwa hawakuwa nayo. Nchi ni tajiri, ndiyo. Lakini kilichofukua mitaro ile hakikuwa utajiri, bali ni majirani waliokubaliana. Na kwetu hapa Kenya hatuendi mbali: Kibera, jijini Nairobi, pana TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana.

Sasa tulipe deni letu la ukweli. Miaka minne iliyopita, mhisani mmoja aliyeko Ghuba alitutumia fedha za kununulia vifaa vya intaneti kwa ajili ya madrasa na mtaa. Tulifurahi, tukamwita kijana mmoja hodari, tukamkabidhi kila kitu. Hatukuunda kamati. Hatukufungua akaunti. Kiungo kiliandikwa kwa jina lake, na neno la siri lilikuwa kichwani mwake. Kwa miezi minane watoto walisoma na watu walishukuru. Kisha kijana akapata kazi ng'ambo, na ni haki yake, akasafiri. Bili ikaja, hatukujua ni ya nani. Betri ikafa, hatukujua ilinunuliwa wapi. Mvua za masika zikaangusha antena moja, nayo ikalala juu ya paa hadi kutu ikaimaliza. Tuliposhikwa na haya tulizoea kusema, "Watu wetu hawana umoja." Huo ulikuwa ni uwongo wa kujifariji. Watu wetu hawakuombwa kitu hata wakakataa. Sisi tuliomba mmoja atoe, tukamwachia mmoja abebe, kisha tukawalaumu mia.

Hapo ndipo tulipokumbuka kisima cha Ruma. Katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, watu wa Madina walikuwa wakiuziwa maji ya kisima hicho. Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Allah ziwe juu yake, akakinunua na kukitoa kwa ajili ya watu wote, na yeye mwenyewe akawa anateka kama wanavyoteka wengine. Sisi huhadithia kila mwaka ukarimu wa yule aliyenunua. Aghalabu husahau upande wa pili: kisima kilichotolewa waqfu huwa na msimamizi, hesabu na masharti, la sivyo hujaa mchanga. Mhisani wetu alikuwa amefanya sehemu ya kwanza. Ya pili ilikuwa yetu.

Yapo mapingamizi, nayo tunayaheshimu. Mzee wetu mmoja, ambaye tumesoma mbele yake, ametuambia waziwazi: "Mwataka kuleta uchafu juu ya vichwa vya watoto wasomao Qur'ani?" Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kicheko. Jibu letu ni kwamba uchafu huo, mwalimu wetu, haungoji mlingoti. Umeshaingia mjini kwa bando la shilingi 20, uko mfukoni mwa kijana, naye huutazama peke yake chini ya shuka. Mtandao wa mji angalau una mlango, na mlango una bawabu. Mafundi wanaweza kuweka kichujio cha kuzuia tovuti chafu, na kuufunga mtandao wa madrasa nyakati za sala na usiku wa manane. Lakini tusidanganyane. Kichujio hupunguza, hakimalizi, na hakitakaa mahali pa mzazi.

Na liko la kuogopwa upande wa pili, ambalo hatujasikia mtu akilitaja. Mwenye ufunguo wa mtandao anaweza akatamani kujua nani ametembelea nini. Kupeleleza aibu za watu ni jambo tulilokatazwa. Kwa hiyo tunaomba iandikwe kwenye katiba ya mtandao, kabla ya msumari wa kwanza kugongwa, kwamba hakuna fundi, mjumbe wala sheikh atakayechungulia mambo ya nyumba ya mtu. Bawabu husimama mlangoni, haingii chumbani.

Pingamizi la pili ni fedha. Tufanye hesabu ya mfano tu. Nyumba yenye watoto wanne ikinunua bando la shilingi 50 kila siku, kwa mwezi imetoa shilingi 1,500. Tuseme nyumba 120 zikubaliane kutoa shilingi 500 kila moja kwa mwezi. Zitakusanya shilingi 60,000. Humo itoke bei ya kiungo cha jumla, posho ya mafundi wawili, na akiba ya betri isiyoguswa kwa jambo lingine lolote. Bei halisi ya kiungo tutaijua tukishaomba bei kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na pengine hesabu itatulazimisha kuongeza au kupunguza. Lakini tumeona kwamba fedha zenyewe zimo mjini. Hutoka kila siku, moja moja, bila sisi kuziona zikipita.

Posho ya mafundi tumeitaja kwa makusudi. Kuna mazoea miongoni mwetu ya kudhani kwamba kazi ya msikiti hufanywa bure milele. Kijana atapanda mlingotini mara ya kwanza kwa thawabu. Mara ya kumi, jua likiwa kali na mkewe akiuliza unga, atashuka aende zake. Mwenye kufanya kazi na apewe ujira wake.

La tatu ni sheria. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ili vikundi kama vyetu visilazimike kubeba mzigo wa leseni za kampuni kubwa. Basi hakuna sababu ya kufanya jambo hili kwa kificho. Kikundi kisajiliwe, leseni iombwe, na kila karatasi iwe katika jina la kikundi.

Faida nyingine tusiisahau. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Mji wenye mtandao wake, ukiweka kompyuta ya kuhifadhi mambo yake, hauzimiki wote siku kama hiyo. Masomo ya watoto, darsa zilizorekodiwa, matangazo ya kliniki na ya mazishi, yote huendelea kupatikana kutoka paa hadi paa, hata kama njia ya nje imefungwa. Zaidi ya hayo, mwalimu wa hesabu mwenye somo zuri ataliweka mara moja, na watoto wote walione bila kununua bando.

Haya ndiyo tutakayoyasema mbele ya kamati siku ya Ijumaa, inshaallah. Paa la madrasa litolewe, lakini kwa mkataba wa maandishi. Chombo kisiwe cha mtu mmoja. Neno la siri lihifadhiwe na watu watatu, katika bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la msikiti. Mafundi wafunzwe wanne ili wakibaki wawili kazi iendelee. Hesabu ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, karibu na ratiba ya sala, pahali ambapo hata anayeupinga mtandao ataisoma. Kamati iwe na akina mama, maana wao ndio wanunuzi wa bando na ndio wanaojua mtoto gani hulala saa ngapi. Mabinti wapangiwe chumba na saa zao za kusomea, ili mtandao usiwe wa vijana wa kiume waketio vibarazani. Na nyumba isiyo na uwezo, kama ilivyokuwa desturi yetu katika kisima, iteke pamoja na wengine bila kutangazwa.

Sisi hatutakuwa wasimamizi. Tumekwisha jaribiwa, na majibu mmeyaona. Tutatoa mchango wetu wa mwezi kama nyumba nyingine, na tutakuwa wa kwanza kuuliza hesabu.

Yule binti wa mvuvi ameanza kungoja awamu nyingine ya maombi. Juzi tulimkuta ameketi na vijana walioleta ombi, akipima kwa kamba urefu wa paa na kuandika daftarini. Tulimwuliza nani amemfundisha. Akasema kamba ni ya baba yake, ya jahazini, naye ndiye aliyewaonyesha jinsi mlingoti unavyofungwa ili upepo wa kusi usiuangushe. Tukakumbuka maneno ya yule mzee barazani. Inaonekana yako anayoyajua.

Wallahu a'lam. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wazee wetu kwenye shauri lenye heri, awape vijana wetu subira, na atufanye sote watu wa kutunza amana. Wabillahi tawfiq.